Shimo la Kamati

Barabara ilizama asubuhi, watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Haikutoa mlio wa kutisha. Iliguna tu kama mtu aliyeshiba, kisha lami ikainama, ikaenda chini pamoja na mkokoteni wa mwanamke muuza mkaa na magunia yaliyokuwa juu yake. Muuza mkaa mwenyewe alikuwa ameuacha hapo kando, ameingia nyumba ya jirani kuomba maji. Alirudi na kikombe mkononi, akasimama ukingoni, akatazama chini, akayamaliza maji yake kwanza. Ndipo alipolia.

Siku hiyo watu walimpa pole. Kesho yake walikuja na simu, wakapiga picha wakilipa shimo mgongo, wengine wakitabasamu, wengine wakishika tama mpaka picha itoke na kuliachia tama mara ilipotoka. Wiki haijaisha, mtaa ukawa na kamati.

Kamati ilizaliwa kwenye kibanda cha fundi makochi, mwenye nyumba iliyokuwa karibu na shimo kuliko nyumba zote. Wajumbe walikaa juu ya makochi ya wateja ambayo yalikuwa hayajavikwa kitambaa, springi zikiwachoma makalio, wakamchagua fundi awe mwenyekiti. Sababu haikutajwa, lakini ilijulikana: vikao vilihitaji pa kukaa, na pa kukaa palikuwa kwake. Yeye aliamini wameiona busara yake. Tangu saa ile alianza kutembea polepole, mikono nyuma, na kukohoa kabla ya kusema jambo lolote, hata kuomba chumvi mezani. Katibu akawa jirani wa nyuma, aliyeitwa Bwana Geti kwa kuwa geti lake la chuma lilikuwa refu kuliko nyumba liliyoilinda.

Mke wa fundi aliyatazama yote hayo akiwa nyuma ya cherehani. Ndiye aliyeshona vitambaa vya makochi ya mumewe, na pembeni alishona foronya za kuuza. Kwa kuwa hakujaaliwa mtoto wa kuitwa kwa jina lake, mtaa ulimwita Mama Foronya. Mwanzoni lilikuwa jina la kumcheka. Baadaye watu walisahau kuwa walikuwa wakimcheka. Yeye hakusahau, ila aliitika.

Mama mkwe wake alilala chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Kiharusi kilikuwa kimeichukua miguu yake, lakini hakikuugusa ulimi. Pengine nguvu zote za miguu zilihamia huko. Kutoka kitandani aliujua mtaa mzima, nani kavaa nini na nani kamnunia nani. Sasa dirisha lilimwonyesha shimo peke yake, na hilo lilimchosha upesi.

Asubuhi moja aliamka akamkuta mkwewe amechuchumaa ukutani na kipande cha kitambaa na gundi ya mbao. Ufa ulikuwa umeshuka kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni, na Mama Foronya alikuwa akibandika kitambaa kukatisha ufa, ncha moja huku, ncha ya pili kule.

"Unautia ukuta kiraka?" kikongwe aliuliza. "Umeishiwa nguo za kushona?"

"Nataka kujua kama ufa unatembea, mama."

"Mimi mwenye miguu sitembei, ufa utembee?"

Mama Foronya alicheka, akamgeuza, akambadilisha shuka. Jumanne alipoingia na uji, kitambaa kilikuwa kimekazwa kama ngozi ya ngoma. Mchana kilikuwa kimechanika katikati, nyuzi zikining'inia kila upande. Kilikuwa kitambaa kizuri kigumu, kile cha kuvika makochi. Alikitazama mpaka uji uliobaki ukaota ngozi, kisha akaenda kibandani kwa mumewe.

Mumewe alikuwa akipigilia mahameli nyekundu kwenye kochi refu la watu watatu. Hilo halikuwa la mteja. Siku ya Alhamisi mgeni rasmi angekuja kuliona shimo, na kamati ilikuwa imeamua kwamba hawezi kuliona akiwa amesimama.

"Baba, mama ahamishwe," alisema. "Leo."

Mwenyekiti alikohoa. "Ahamishiwe wapi?"

"Muuza mkaa ana chumba. Kasema mwenyewe tumlete."

"Mama yangu mimi akalale kwenye magunia ya mkaa? Watu wataniambiaje?"

"Ukuta unaondoka. Kile kitambaa nilichobandika kimechanika."

"Kitambaa!" Alitoa msumari mdomoni ili acheke vizuri. "Mke wangu, hayo ni mambo ya kitaalamu. Halafu sikiliza. Ripoti tumeshaipeleka. Imeandikwa wazi kwamba ukingoni mwa shimo anaishi mama mzee asiyejiweza. Mgeni rasmi akija asimkute, nitaonekana mwongo."

"Na akimkuta shimoni?"

"Una roho ya kuombea mabaya wewe," alisema mumewe, akarudisha msumari mdomoni. Mazungumzo yakawa yamekwisha, kwa sababu mtu mwenye msumari mdomoni haulizwi akajibu.

*

Mchana huo huo alifika afisa wa barabara kuangalia maandalizi. Alikuwa amefunga mifuko ya plastiki juu ya viatu vyake ili visiguse tope, akatembea kwa mchakacho kama mtu anayekanyaga majani makavu. Kamati yote ilimfuata nyuma. Alisimama ukingoni, akachungulia, akasonya.

"Kusema kweli," alisema, "shimo lenu ni dogo."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa kama mzazi aliyeambiwa mwanawe kashindwa mtihani.

"Kuna mtaa kule bondeni, limemeza lori. Lori zima, na matofali yake. Lenu limemeza nini?"

"Mkokoteni," alisema Bwana Geti kwa sauti ya chini.

"Wangu!" muuza mkaa alipaza sauti kutoka nyuma. "Na nauliza tangu siku ile, nani ataniopolea?"

"Dada, subiri, tuko kwenye mambo makubwa," alisema afisa bila kugeuka. "Sasa mgeni rasmi ana siku moja tu. Atoke kwenye shimo la lori aje kuona shimo la mkokoteni? Nawashauri tu. Mimi sijasema kitu."

Aliomba aonyeshwe mgonjwa. Wakaingia wote chumba cha mbele na viatu vyao, tope likaichafua sakafu ambayo Mama Foronya alikuwa ameipiga deki muda si mrefu. Hakuna aliyeuona ufa, kwa sababu hakuna aliyeangalia ukuta. Waliangalia kitanda.

"Ndiye huyu?" afisa aliuliza. "Mbona ana afya? Na hicho kitambaa cha kichwani kinang'aa mno. Atafutiwe kilichochakaa. Siku hiyo akae dirishani, aonekane. Na asiwe anacheka."

"Mwanangu," alisema kikongwe, "nilikuwa sijacheka mpaka ulipoingia na mifuko miguuni."

Muuza mkaa aliangua kicheko kule nje. Mwenyekiti alimtazama mkewe, si mama yake, kana kwamba yeye ndiye aliyeyafundisha maneno yale. Afisa alipoondoka, mume alifungua kabati mwenyewe, akatoa kitambaa cha kijivu kilichotobokatoboka kilichokuwa cha kufutia taa, akakiweka juu ya mto, pembeni ya kichwa cha mama yake.

"Alhamisi tu, mama," alisema. "Kwa faida ya mtaa."

Kikongwe aligeuzia uso ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Foronya kumwona akimpa mwanawe kisogo, na moyo ulimuuma kuliko kama angetukanwa yeye.

*

Kamati ilikutana jioni. Mama Foronya aliwapitishia chai, na kama kawaida ya watu wanaopitishiwa chai, hawakumwona.

"Hatuwezi kushindwa na watu wa bondeni," alisema Bwana Geti. "Wale hata vyoo hawana."

"Wana shimo lakini," alisema mjumbe mmoja kwa wivu wa kweli.

"Basi letu tulipe sura," alisema Bwana Geti. "Simaanishi tulichimbe. Nani kasema kuchimba? Tunalisafisha kingo. Pale penye mdomo mwembamba tunapanua kidogo, jicho la mgeni lipate pa kuingilia."

Walilifikiria jambo hilo kwa makini. Upande wa pili wa barabara lami ilikuwa ngumu, sururu zingevunjika. Upande wa nyumba ya fundi udongo ulikuwa laini, unakatika kama keki. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Yeye alikohoa, akakunja mikono, akasema kiongozi lazima awe mfano.

Mama Foronya aliweka birika chini.

"Samahanini," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, akaichukia. "Huko ndiko aliko mama. Ukuta una ufa. Mkipunguza udongo wa chini, utashikwa na nini?"

Walimgeukia kama watu waliosikia kiti kikisema.

"Shemeji," Bwana Geti alitabasamu, "chai yako tamu sana. Lile bango la kumkaribisha mgeni limefikia wapi?"

"Limekwisha."

"Herufi ni kubwa?"

"Kubwa."

"Basi umefanya sehemu yako. Hizi nyingine tuachie."

Wakacheka, si kwa ubaya hata, na hilo ndilo lililomkera. Mumewe naye alicheka, kidogo kuliko wengine, kisha akasogeza kikombe chake aongezewe. Mama Foronya alimwongezea. Alipokuwa akimimina alimwangalia mtu huyo aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, kofia mpya ya kamati kichwani, akaona kuwa hata hamchukii. Alimwona mdogo tu, kama shimo kabla halijapewa sura.

*

Jumatano walianza baada ya chai ya asubuhi. Watu waliokataa kuweka hata jiwe moja la kuziba sasa walikuja na sururu zao wenyewe. Yule aliyekuwa na maumivu ya mgongo siku muuza mkaa alipoomba kamba ya kuopolea mkokoteni alichimba akiwa kifua wazi, akiimba.

Mama Foronya alisikia pigo la kwanza kupitia miguu ya kitanda. Vumbi la chokaa lilimdondokea mama mkwe wake usoni. Kikongwe alilipangusa.

"Wanafanya nini hao?"

"Wanalikuza shimo, mama. Mgeni asije akalidharau."

Mama mkwe alimtazama kuona kama ni mzaha. Alipoona si mzaha alifumba macho. "Mwanangu mimi yumo?"

"Ndiye anayewaonyesha pa kuchimba."

"Nitoe," alisema kikongwe.

Mlango wa mbele ulikuwa umebakiwa na ukanda wa ardhi usiotosha hata mbuzi kugeuka. Njia pekee ilikuwa ya nyuma, kwa kupitia uani kwa Bwana Geti. Kumbeba mgongoni haikuwezekana. Mwili wake ulikuwa mzito, na ubavu mmoja ulimuuma akiguswa. Mama Foronya alikwenda kumwita muuza mkaa. Walisimama wawili kibandani, kule uani, wakitafuta ubao, mlango, chochote, na macho yao yakatua mahali pamoja. Kochi jekundu lilikuwa limekamilika, limefunikwa nailoni.

"Hili?" muuza mkaa alinong'ona. "La mgeni?"

"Mbao zake ni nyepesi," alisema Mama Foronya. "Naijua kila fito. Shika huko."

Walimlaza mama mkwe juu ya mahameli, wakamzungushia bango la kamati ili asiteleze, kwa kuwa ndicho kitambaa kirefu kilichokuwa karibu, kisha wakanyanyua. Muuza mkaa, aliyezoea magunia, alitangulia. Kwenye ukuta wa nyuma waligonga mlango mdogo wa Bwana Geti, wakagonga tena. Katibu alifungua akiwa na kalamu sikioni. Hakuwa amekwenda kuchimba, alikuwa akitunga hotuba.

Aliliona kochi. Kisha akamwona aliye juu ya kochi.

"Hapana," alisema. "Shemeji, hapana. Yumo kwenye ripoti."

"Tupishe, tafadhali. Tunapita tu."

"Niwapishe halafu kesho dirishani tumweke nani? Na hilo kochi ni mali ya kamati. Rudini, mwenyekiti akija tutakaa, tutazungumza."

Kochi lilianza kumponyoka Mama Foronya mikononi. Alizoea kuinua pasi na mikasi. Ndipo mama mkwe alipojiinua kwa kiwiko kutoka kwenye bango.

"Wewe kijana wa geti," alisema. "Mimi nimeshikwa na haja."

"Haja gani, mama?"

"Ile ambayo hata mama yako alikuwa nayo. Ndogo imeshanikaribia, kubwa iko njiani. Sasa uchague wewe msomi: niimalize juu ya kochi la mgeni wako, au kwenye kizingiti chako?"

Bwana Geti aliangalia mahameli. Aliangalia kizingiti, alichokuwa amekipaka rangi kwa ajili ya Alhamisi. Kisha alisogea pembeni, na hata geti kubwa akakimbia kulifungua yeye mwenyewe, pande zote mbili, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu wa mtaa ule. Walipokuwa wanatoka, kikongwe alimshukuru kwa heshima zote.

"Kweli umeshikwa, mama?" muuza mkaa aliuliza walipofika njiani.

"Tangu jana sijanywa maji, nitashikwa na nini? Tembeeni."

*

Ukuta ulianguka alasiri. Mama Foronya alikuwa amerudi kuchukua dawa na poti, akawa uani mshindo ulipotokea. Si mguno safari hii. Nyumba nzima ilirukaruka, masufuria yakashuka jikoni, kisha vumbi likaja mbio koridoni kama mtu anayekimbia.

Alizunguka hadi mbele. Chumba hakikuwapo. Dirisha, kitanda, na kile kitambaa cha kijivu, vyote vilikuwa chini pamoja na mkokoteni. Wachimbaji walikuwa wazima. Walikuwa wameruka nyuma kwa wakati, na sasa walikuwa wametupa sururu mbali na miguu yao, kila mmoja akiangalia sururu ya mwenzake.

Mumewe alikuwa amepiga magoti kwenye matofali. Kofia ya kamati ilikuwa imemtoka. Alikuwa akichakura kwa mikono mitupu, kucha zikitoka damu, akiita, "Mama! Mama! Mama yangu!" kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, sauti ya mtoto aliyepotea sokoni. Hakuna mjumbe aliyemsogelea. Kwa muda huo mfupi hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote, na Mama Foronya, aliyekuja na maneno makali tayari kwenye ulimi, aliyameza yote. Alipanda juu ya matofali, akamshika bega.

"Hayumo," alisema. "Yuko kwa muuza mkaa. Mzima. Tumemtoa asubuhi."

Mumewe alimgeuzia uso uliojaa vumbi na machozi. Aliushika mkono wake na kuubana, na yeye akamwachia aubane. Alilia mpaka akatulia, akajifuta kwa kiwiko, akavuta pumzi.

"Mlimtoaje? Yeye mzito."

"Kwa kochi."

"Kochi lipi?"

"Jekundu."

Mkono uliacha kumbana. Mumewe aliinuka, akaitafuta kofia yake kati ya matofali, akaikung'uta gotini.

"Limechafuka?" aliuliza.

*

Mgeni rasmi alifika Alhamisi baada ya watu kukauka juani. Hakuteremka. Kioo cha gari kilishuka nusu, pakaonekana miwani na sehemu ya paji la uso. Mwenyekiti, katika suruali nyeupe iliyopigwa pasi, alisoma hotuba ya Bwana Geti akiwa amekielekea kioo. Alieleza ukubwa wa shimo, akaeleza chumba kilivyomezwa, na sauti yake ilipanda kwa fahari alipofika kwenye chumba.

Miwani ilimgeukia afisa. Wakanong'onezana. Kisha kioo kikapanda, na afisa akaja peke yake, mifuko ikichakacha.

"Mgeni anawapa pole," alisema. "Ila kuna tatizo. Fungu lililopo ni la kuziba mashimo madogo. Hili sasa ni kubwa. Makubwa yana utaratibu wake, mpaka waje wataalamu wapime, na hao hawajaajiriwa."

"Lakini wewe ulisema..." mwenyekiti alianza.

"Mimi nilisema sijasema kitu," alisema afisa, akapanda gari.

Bwana Geti alikuwa wa kwanza kusema kwamba wazo la kupanua kingo halikuwa lake. Kumbukumbu za kikao, alisema, zingeonyesha kuwa lilitoka kwa mwenyekiti, tena nyumba ni ya kwake. Wajumbe walikubali. Waliokuwa wameazima viti walirudi kwao bila kuvirudisha.

*

Jioni mume alipiga hodi kwa muuza mkaa.

Kilikuwa chumba kimoja, magunia yamepangwa ukutani hadi darini, cherehani ya Mama Foronya imebanwa karibu na mlango. Kochi jekundu lilijaa katikati, na juu yake mama yake alikuwa amelala kwa urefu wote, miguu imenyooshwa, kichwani kile kitambaa kinachong'aa. Muuza mkaa alikaa juu ya debe. Mama Foronya alikaa kwenye kigoda cha cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," kikongwe aliuambia ukuta.

Alisimama akizungusha kofia mikononi, akitafuta pa kukaa. Hapakuwa na pa kukaa. "Nimekuja kuwaona," alisema. "Kamati inafikiria kuandika barua nyingine." Cherehani ililia, ikanyamaza. Ndipo macho yake yalipotua kwenye mto wa mama yake. Foronya ilikuwa mpya, nyeupe, na juu yake herufi kubwa za samawati zilitokeza chini ya shavu: MGENI RASMI.

"Hilo ni bango la kamati," alisema.

"Lilikuwa," alisema Mama Foronya, akakata uzi kwa meno.

"Mke wangu, watu walichanga."

"Mwambie mumeo," kikongwe alisema, bado akiongea na ukuta, "aamue, anaingia au anatoka. Anatuingizia vumbi, na mimi nimeachiwa kochi la watu nilitunze."

Alimtazama mkewe. Macho yalikuwa yale ya kwenye matofali, au karibu na yale. Mama Foronya alihisi huruma ikimpanda, akaiacha ipande, akaona imefika wapi. Haikufika mbali. Alinyoosha mguu, akausukuma mfuko mmoja wa mkaa kutoka ukutani hadi mbele yake.

"Kaa hapo, baba."

Mume aliutazama mfuko. Akaitazama suruali yake nyeupe. Kisha alikaa, taratibu, akikohoa kidogo kwa mazoea, na vumbi jeusi likampanda mapajani.

Suruali ile Mama Foronya aliipiga pasi kwa mikono yake asubuhi. Aliingiza uzi kwenye sindano, akainama juu ya foronya ya pili. Nani ataifua, hilo halikuwa tena swali lake.